Percy Julian: Mjukuu wa watumwa aliyelifumbua fumbo la haragwe la Calabar

KATIKA karne ya 19, watu wa Calabar, kusini mashariki mwa Nigeria ya leo, walikuwa na hakimu asiyesema. Hakimu huyo alikuwa haragwe la rangi ya hudhurungi, zao la mmea utambaao kando ya mito. Waefik waliliita esere. Mtu aliyeshukiwa kuwa mchawi alilishwa mbegu hizo mbele ya wazee, kama vile wengine barani Afrika walivyonyweshwa mwavi. Akifa, hatia yake ilikuwa imethibitishwa. Akitapika na kupona, aliachwa aende zake.

Mwaka wa 1935, maelfu ya kilomita kutoka Calabar, mwanakemia Mweusi katika chuo kimoja cha mji mdogo wa Greencastle, jimbo la Indiana nchini Marekani, aliunda maabarani sumu ile ile iliyomo ndani ya haragwe hilo. Hakuitoa katika mmea. Aliijenga hatua kwa hatua kutokana na kemikali za kawaida, hadi akapata kitu ambacho hakuna kipimo kilichoweza kukitofautisha na kile cha asili.

Jina lake lilikuwa Percy Lavon Julian. Kazi hiyo ilimpa heshima miongoni mwa wanasayansi wa dunia. Hata hivyo, haikutosha kumpa kiti cha uprofesa katika chuo alikoifanyia.

Mwana wa Montgomery

Julian alizaliwa Aprili 11, 1899, mjini Montgomery, jimbo la Alabama. Alikuwa kifungua mimba katika familia ya watoto sita. Baba yake, James, alikuwa karani wa barua katika treni. Mama yake, Elizabeth, alikuwa mwalimu. Wazazi wa baba yake walikuwa wamezaliwa utumwani, na katika ukoo huo ilisimuliwa kwamba babu alikatwa vidole viwili kwa kosa la kujifunza kusoma na kuandika.

Labda ndiyo sababu elimu ilikuwa kama ibada katika nyumba hiyo. Lakini Montgomery ya wakati huo haikuwa na shule ya upili ya umma kwa watoto Weusi. Baada ya darasa la nane, Julian alijiunga na chuo cha kufundisha walimu Weusi, ambako masomo ya sayansi yalikuwa haba.

Mwaka wa 1916, alipokubaliwa katika Chuo Kikuu cha DePauw mjini Greencastle, aliingia akiwa nyuma ya wenzake kwa kiasi kikubwa. Kwa miaka miwili alisoma masomo ya chuo huku akihudhuria pia masomo ya shule ya upili ili kuziba pengo hilo. Hakuruhusiwa kulala katika mabweni. Alipata kazi katika nyumba ya chama kimoja cha wanafunzi Wazungu, akiwasha tanuri la kupasha nyumba joto na kuwaandalia meza wakati wa chakula, naye akalala katika chumba cha darini.

Mtaka cha mvunguni sharti ainame, na Julian aliinama. Alipohitimu mwaka wa 1920, ndiye aliyeongoza darasa lake lote.

Milango iliyofungwa

Wenzake waliofuzu pamoja naye walipata nafasi za kuendelea na masomo ya juu. Julian aliambiwa kwamba hapakuwa na maana ya kumfundisha zaidi mtu ambaye hatapata kazi. Akaenda kufundisha kemia katika Chuo Kikuu cha Fisk, Nashville, kilichokuwa cha Weusi.

Baadaye alipata ufadhili wa kusoma katika Chuo Kikuu cha Harvard, na mwaka wa 1923 akatunukiwa shahada ya uzamili. Kwa desturi, mwanafunzi wa kiwango chake angepewa kazi ya kufundisha wakati akisomea shahada ya uzamifu. Yeye alinyimwa, kwa hofu kwamba wanafunzi Wazungu wasingekubali kufundishwa na mtu Mweusi. Bila kazi hiyo, safari yake ya uzamifu ilikatikia hapo.

Alifundisha katika chuo cha West Virginia, kisha katika Chuo Kikuu cha Howard jijini Washington. Mwaka wa 1929, kwa ufadhili uliotokana na fedha za ukoo wa Rockefeller, alivuka bahari hadi Vienna, mji mkuu wa Austria. Huko alipokewa na Ernst Späth, mmoja wa mabingwa wakubwa wa alkaloidi, yaani kemikali chungu zenye naitrojeni ambazo mimea mingi huzitengeneza na ambazo humtikisa mnyama hata zikiwa kidogo sana. Kwinini, mofini, nikotini na kafeini ni za jamii hiyo.

Katika Vienna, Julian alikaa mezani na wenzake, akaenda kusikiliza muziki, akajifunza Kijerumani na kukizungumza barabara. Mwaka wa 1931 alipata shahada ya uzamifu, akiwa miongoni mwa Wamarekani Weusi wa kwanza kabisa kufikia kiwango hicho katika kemia. Alirejea Howard akifuatana na rafiki aliyempata huko, mwanakemia Josef Pikl.

Furaha ya kurejea haikudumu. Julian alijikuta katika mtafaruku wa uongozi chuoni, na barua zake za faragha alizoandika kutoka Vienna zikachapishwa gazetini. Mwaka wa 1932 alijiuzulu. Aliyemnusuru ni mwalimu wake wa zamani wa DePauw, William Blanchard, aliyemtafutia nafasi ya utafiti huko Greencastle. Pikl akaandamana naye.

Sumu yenye faida

Kitendawili walichokichagua kilikuwa fisostigimini, alkaloidi iliyomo ndani ya haragwe la Calabar. Kwa nini wajisumbue na sumu hiyo? Jibu limo katika historia iliyokuwa imeanza miaka 80 kabla yao.

Mbegu hizo zilipofika Edinburgh kutoka Calabar, daktari Robert Christison aliamua mwaka wa 1855 kuionja mwenyewe. Alitafuna sehemu ya haragwe, na muda si muda akaanza kuishiwa nguvu huku moyo ukienda mbio bila mpango. Alijiokoa kwa kuyagugumia maji aliyokuwa ametumia kunyoa ndevu, akatapika. Alinusurika, na sayansi ikapata maelezo ya kwanza ya daktari aliyeifahamu sumu hiyo kwa mwili wake.

Mwanafunzi wake, Thomas Fraser, aligundua kwamba dondoo la haragwe hilo likitiwa jichoni hufanya mboni kusinyaa hadi kuwa kama tundu la sindano. Mwaka wa 1863 daktari wa macho, Douglas Argyll Robertson, alionyesha manufaa yake: athari hiyo ni kinyume kabisa cha ile ya atropini, dawa inayopanua mboni. Mwaka uliofuata, daktari mmoja mjini Prague aliwapa dondoo hilo wafungwa waliokuwa wamekunywa atropini. Sumu moja ilitumika kuiondoa nyingine.

Mwaka huo huo wa 1864, wanakemia wa Ujerumani walifaulu kuitenga kemikali yenyewe kutoka kwa mbegu. Wengine huko Ufaransa, waliofanya kazi hiyo mwaka uliofuata, waliiita eserini, wakilifuata jina lake la Calabar. Mnamo miaka ya 1870, Ludwig Laqueur, daktari wa macho ambaye yeye mwenyewe aliugua glakoma, aliitumia kupunguza presha ndani ya jicho. Maelfu ya watu ambao wangepofuka wakapata tumaini.

Ilivyo na inavyofanya kazi

Katika maabara, fisostigimini ni fuwele zisizo na rangi. Molekuli moja ina atomu 15 za kaboni, 21 za haidrojeni, tatu za naitrojeni na mbili za oksijeni. Fuwele hizo huyeyuka kwenye joto la takriban nyuzi 105 za Selsiasi. Ni kemikali isiyostahimili: ikiachwa penye mwanga na hewa hugeuka rangi ya waridi, kisha nyekundu, na kadiri wekundu unavyozidi ndivyo nguvu yake inavyopotea. Kwa hiyo huhifadhiwa katika chupa zisizopitisha mwanga.

Namna inavyofanya kazi mwilini ilieleweka vyema baada ya mwaka wa 1926. Neva zinapotaka msuli usogee, au tezi imwage mate, hutoa kemikali iitwayo asetilikolini. Ujumbe ukishafika, kimeng'enya maalumu huivunja asetilikolini hiyo mara moja, ili neva iwe tayari kwa ujumbe mwingine. Otto Loewi na mwenzake, wakifanya utafiti Graz, Austria, walionyesha kwamba fisostigimini hukizuia kimeng'enya hicho. Loewi alishiriki Tuzo ya Nobel mwaka wa 1936 kwa kazi yake kuhusu ujumbe wa neva.

Fisostigimini hunasa katika kimeng'enya na kukiachia kipande cha molekuli yake, kama mtu anayevunja ufunguo ndani ya kufuli. Hatimaye kipande hicho hutoka na kimeng'enya hurejea kazini, lakini katika kipindi hicho ujumbe wa neva hurudiwa na kurudiwa. Mate na machozi humwagika, mboni husinyaa, tumbo hukatika, moyo hupunguza mwendo, misuli hutetemeka. Kipimo kikizidi, misuli ya kupumua hulegea na mtu hufa kwa kukosa pumzi.

Hapo ndipo hukumu ya Calabar inapopata maelezo. Wataalamu wengi wameeleza kwamba aliyejiamini kuwa hana hatia aliimeza dozi yake kwa haraka, tumbo likashtuka na kuitapika. Mwenye hofu alitafuna taratibu, sumu ikapata muda wa kuingia katika damu.

Mwaka wa 1934, daktari Mary Walker wa hospitali moja ya Greenwich, London, alimdunga fisostigimini mgonjwa wa miasthenia gravisi, maradhi yanayolegeza misuli hata kope zikashindwa kufunguka. Kwa saa chache nguvu zilirejea. Dunia ya tiba ikashtuka, na haja ya kuijua kemikali hiyo kwa undani ikaongezeka.

Umbo la molekuli yake lilikuwa limependekezwa mwaka wa 1925 na Edgar Stedman na George Barger. Lakini katika kemia ya nyakati hizo, uthibitisho wa mwisho ulikuwa mmoja tu: kuijenga molekuli upya kutoka mwanzo na kuonyesha kwamba iliyojengwa na iliyoota ni kitu kimoja.

Ubishi na bingwa wa Oxford

Julian na Pikl hawakuwa peke yao katika kinyang'anyiro hicho. Huko Oxford, Robert Robinson, aliyehesabiwa kuwa miongoni mwa wanakemia mahiri zaidi duniani na ambaye angetunukiwa Tuzo ya Nobel mwaka wa 1947, alikuwa ameshachapisha makala kadhaa kuhusu njia ya kuijenga fisostigimini. Kundi lake lilikuwa na maabara kubwa, fedha na jina. Wawili wa Greencastle walikuwa na chumba cha chuo kisichojulikana kwa utafiti, na baadhi ya wanafunzi wa shahada ya kwanza waliowasaidia.

Robinson alikuwa ametangaza kwamba kundi lake limefikia eserethole, hatua iliyobakisha kipande kifupi tu kabla ya fisostigimini yenyewe. Julian na Pikl nao walifika kwenye hatua hiyo kwa njia yao. Walipolinganisha, waligundua kwamba kitu chao hakikufanana na cha Oxford. Viwango vya kuyeyuka vya fuwele zilizotokana na vitu hivyo viwili havikuafikiana.

Mmoja wao alikuwa amekosea. Ikiwa ni Julian, basi mtu Mweusi asiye na cheo cha kudumu, aliyekwisha kuandamwa na kashfa, angekuwa amemkosoa hadharani bingwa wa Uingereza bila msingi. Angeporomoka, na pengine asingeinuka tena.

Julian hakurudi nyuma. Katika makala iliyochapishwa na jarida la chama cha wanakemia wa Marekani mwaka wa 1935, alieleza waziwazi kwamba kitu kilichotangazwa na Robinson sicho.

Ilibaki kazi ya kuthibitisha. Mmea hutengeneza molekuli za upande mmoja tu, kama mtu anayeshona viatu vya mguu wa kushoto pekee. Mwanakemia akiijenga molekuli hiyo hupata mchanganyiko wa kushoto na kulia kwa kiasi sawa. Julian na Pikl walilazimika kuzitenganisha pande hizo, kuichukua ya kushoto, kisha kumalizia hatua zilizosalia na kuilinganisha na eserini iliyotolewa kwa haragwe.

Kipimo cha uamuzi kilikuwa rahisi kwa kuangalia: kuzipasha fuwele moto polepole na kusoma kipimajoto zinapoyeyuka. Kitu kisicho safi, au kilicho kingine, huyeyuka kwa joto tofauti. Za Julian na za asili ziliyeyuka pamoja. Usanisi ulikuwa umekamilika, na Robinson ndiye aliyekuwa amekosea.

Kipimajoto hakikuuliza nani ana Nobel wala nani ana rangi gani.

Wenye chuo waliuliza. Mkuu wa kitivo alitaka Julian aajiriwe kama mhadhiri kamili, lakini baraza la wadhamini wa DePauw lilikataa. Kampuni ya DuPont ilimpa Pikl kazi na kumwacha Julian. Taasisi moja ya kemia ya karatasi mjini Appleton, Wisconsin, ilitaka kumwajiri, hadi ilipobainika kwamba sheria ya mji huo ilikataza mtu Mweusi kulala humo usiku. Desemba 24 ya mwaka huo wa 1935, Julian alifunga ndoa na Anna Roselle Johnson, msomi wa sosholojia ambaye naye angepata shahada ya uzamifu mwaka wa 1937. Bwana harusi alikuwa na jina kubwa na hana kazi ya kudumu.

Kutoka haragwe hadi soya

Mkombozi alikuwa kampuni ya Glidden, watengenezaji wa rangi waliokuwa wameingia katika biashara ya soya jijini Chicago. Mwaka wa 1936 ilimfanya Julian kuwa mkurugenzi wa utafiti wa idara hiyo. Haikuwa kawaida kwa Mmarekani Mweusi kuongoza maabara ya kampuni kubwa.

Alianza kwa kutenga protini safi ya soya iliyotumika kupaka karatasi. Kutokana na protini hiyo lilitengenezwa povu la kuzima moto wa mafuta, ambalo jeshi la wanamaji la Marekani lililitumia katika meli zake wakati wa Vita vya Pili vya Dunia.

Lakini haragwe la Calabar halikuwa limeachana naye. Mbali na fisostigimini, mafuta ya mbegu hiyo yana kitu cheupe kiitwacho stigmasteroli, ambacho kilipewa jina kutokana na jina la kisayansi la mmea wenyewe. Julian alikuwa amekutana na fuwele zake Greencastle. Alijua pia kwamba wanakemia wa Ujerumani walikuwa wameonyesha kuwa stigmasteroli inaweza kugeuzwa kuwa projesteroni, homoni inayohifadhi mimba. Tatizo lilikuwa kuipata kwa wingi. Soya ilikuwa nayo, ila kuitenga na mafuta ilikuwa kazi ngumu.

Mwaka wa 1940, maji yalivuja na kuingia katika tangi la mafuta ya soya lenye uwezo wa galoni 100,000. Yalipokusanyika chini, yalifanyiza tope jeupe. Mtu mwingine angeona hasara tu. Julian alilitambua tope hilo: lilikuwa limejaa stigmasteroli. Yeye na wenzake wakabuni njia ya kiwandani ya kuitoa, na mwaka huo huo Glidden ikaanza kuuza projesteroni. Homoni iliyokuwa adimu ikaanza kupatikana kwa kilo, na madaktari wakaitumia kwa kina mama waliokuwa katika hatari ya kupoteza mimba.

Mwaka wa 1948, madaktari wa kliniki ya Mayo, Minnesota, walionyesha kwamba kotisoni humwinua mgonjwa wa baridi yabisi aliyeshindwa hata kutembea. Lakini kuitengeneza kutokana na nyongo ya ng'ombe kulihitaji hatua zaidi ya 30, na bei yake haikushikika. Mwaka wa 1949, kundi la Julian lilitangaza njia mpya ya kuunda kitu kinachopungukiwa na kotisoni ya mwili kwa atomu moja tu ya oksijeni. Mwaka wa 1952 kampuni ya Upjohn ilionyesha kwamba kuvu wanaweza kuiweka atomu hiyo mahali pake. Kuanzia hapo dawa za jamii hiyo zilizidi kushuka bei.

Mbio za kutafuta malighafi za mimea kwa ajili ya dawa hizo zilienea kote duniani. Mexico ilitegemewa kwa viazi vikuu vya mwituni, na majimaji ya mkonge wa Afrika Mashariki yalichunguzwa na kutumiwa na watengenezaji wa Uingereza.

Moto Oak Park

Mwaka wa 1950, gazeti moja la Chicago lilimtaja Julian kuwa mtu bora wa mwaka. Mwaka huo huo alinunua nyumba katika mtaa wa Oak Park, uliokuwa wa Wazungu watupu. Kabla familia haijahamia, watu wasiojulikana walimwaga petroli ndani na kujaribu kuiteketeza siku ya sikukuu ya Shukrani.

Familia ilihamia. Juni 1951, Julian na mkewe wakiwa safarini kwa mazishi ya baba yake, baruti ilirushwa kutoka kwa gari na kulipuka nje ya chumba walimolala watoto. Hakuna aliyeumia. Mwaka huo huo, klabu moja ya matajiri jijini Chicago ilimzuia asihudhurie chakula cha mchana cha wanasayansi alikokuwa amealikwa.

Julian hakuhama. Aliajiri walinzi, na nyakati nyingine yeye na mwanawe walikesha nje na bunduki. Majirani wengi walijitokeza kulaani mashambulio hayo na kuunda kundi la kumuunga mkono. Mtu aliyetoa dawa kwa maelfu alilazimika kulinda usingizi wa wanawe mwenyewe.

Mwaka wa 1953 aliondoka Glidden, iliyokuwa ikiacha utafiti wa homoni, akaanzisha kampuni yake, Julian Laboratories. Aliwaajiri wanakemia Weusi na wanawake ambao kwingine walifungiwa milango. Alipotaka kununua viazi vya Mexico alinyimwa kibali, na ikabidi atafute mmea huo Guatemala. Alitoa malalamiko yake mbele ya kamati ya Seneti ya Marekani mwaka wa 1956. Mwaka wa 1961 aliiuza kampuni kwa zaidi ya dola milioni 2, akawa miongoni mwa Wamarekani Weusi wa kwanza kutajirika kwa sayansi.

Fedha na sauti yake alivitumia pia katika harakati za haki za kiraia, akichangisha pesa za kugharimia kesi dhidi ya ubaguzi. Mwaka wa 1973 alichaguliwa kuwa mwanachama wa Chuo cha Kitaifa cha Sayansi cha Marekani, Mmarekani Mweusi wa pili kupata heshima hiyo baada ya mwanahisabati David Blackwell. Saratani ya ini ilimuua Aprili 19, 1975, siku nane tu baada ya kutimiza miaka 76.

Urithi wa haragwe

Fisostigimini bado inahifadhiwa katika maabara za utafiti kama kipimo cha kuzifahamu dawa nyingine. Kwa kuwa huweza kupenya kutoka kwa damu hadi ubongoni, hutofautiana na neostigimini, dawa iliyoundwa kwa kuifuata lakini isiyopenya humo kwa urahisi. Sifa hiyo huifanya ifae kumrejeshea fahamu mtu aliyelishwa atropini au mimea ya jamii ya datura, ingawa hutolewa kwa uangalifu mkubwa na chini ya jicho la daktari. Rivastigimini, dawa inayotumiwa kwa wagonjwa wa maradhi ya kusahau ya Alzheimer, ina nasaba na molekuli hiyo.

Nasaba hiyo ina upande wake wa giza. Wanakemia walioiga kipande kile kinachokiziba kimeng'enya walibuni jamii nzima ya dawa za wadudu, kabameti. Zimeokoa mazao mengi. Lakini mojawapo, kabofurani, iliwahi kutiwa katika mizoga nchini Kenya ili kuwaua simba waliovamia mifugo, hadi mwaka wa 2009 mtengenezaji wake alipoanza kuirudisha kutoka kwa maduka ya nchi hii. Simba hao na washukiwa wa Calabar waliuawa kwa njia moja: neva zilizoshindwa kunyamaza.

DePauw, chuo kilichomnyima cheo, hatimaye kilimfanya mdhamini, na jengo lake la sayansi na hisabati likapewa jina lake. Mwaka wa 1985, shule moja ya Oak Park, mtaa uliotaka kumchoma moto, ilibadilishwa jina na kuitwa Percy Julian. Mwaka wa 1993 sura yake ilitokea katika stempu ya Marekani, na mwaka wa 1999 chama cha wanakemia wa nchi hiyo kikatangaza usanisi wa fisostigimini kuwa mojawapo ya matukio makuu ya kihistoria katika kemia ya Marekani.

Heshima hizo zote zilikuja baada ya kifo chake, isipokuwa ile ya udhamini. Uthibitisho ulikuwa umepatikana tangu 1935, siku fuwele mbili zilipoyeyuka kwa joto moja. Waliochelewa ni watu.